Kitanda Kinachobisha Hodi

Wifi yangu alikuwa anaoga na simu. Usicheke, nasema kweli. Aliitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga fundo, akauning'iniza kwenye koki. Kila nilipopita koridoni kwenda jikoni nilisikia maji yakifunguliwa na kufungwa, yakifunguliwa na kufungwa, kwa sababu yakimwagika mfululizo huenda asisikie mlio. Mtu mzima, msomi, mwandishi wa programu za kompyuta, anajipaka sabuni roho juu. Siku moja nikamwambia kupitia mlangoni, "Wifi, hiyo simu ingekuwa mume ungeshamwacha zamani." Akacheka, lakini akatoa kichwa nje huku povu likimtiririka shingoni, akauliza, "Mama yuko sawa?"

Mama ni mama yake mzazi, na kwangu mimi ni mama mkwe. Tuliishi nyumba moja. Chumba cha Mama kilikuwa mbele, karibu na choo. Cha wifi kilikuwa mkabala wake, milango inatazamana. Changu na mume wangu kilikuwa mwisho wa korido, ingawa kusema "na mume wangu" ni kutia chumvi, maana yeye anaendesha lori la masafa marefu na akitoka anarudi tumeshasahau sura yake. Mimi ni msusi. Saluni yangu iko mtaa wa pili, nyuma ya duka la mabati, ukipita kwenye vumbi la wale mafundi wa kuchomelea utanikuta.

Mama alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule, suti, mapazia, magauni ya harusi za watu ambao leo ni mabibi. Halafu kiharusi kikamshika upande mmoja, kikaua mkono wa kulia na mguu wa kulia, kikamwachia wa kushoto. Na ule mguu wa kushoto haukusahau kazi. Akilala, akiwaza, akisikiliza redio, unaanza kukanyaga. Kisigino chini, vidole chini, kisigino chini, vidole chini, cherehani yenyewe iko pale pembeni ya chumba imefunikwa shuka. Nilikuwa namtania, "Mama, leo unashona nini?" Ananitazama kwa jicho la pembe, anasema, "Mdomo wako."

Maana tuseme ukweli, Mama hakunipenda sana. Hakunichukia, la. Aliniita Msusi, kama vile mwanawe alimleta nyumbani fundi wa kazi fulani na kazi ikachelewa kwisha. Nikimpikia anakula. Nikimfulia anavaa. Lakini kumshika mwilini, kumpeleka choo, kumwogesha, hapo hapana. Nilijaribu siku moja wifi alipokuwa na homa. Mama alishika nguo yake kwa ule mkono mmoja mzima, akaikaza kifuani, akasema, "Mke wa mwanangu hanivui nguo." Na wifi na homa yake akaamka kwenda kumwinua. Beseni la kitandani nalo hakutaka kulisikia. Alitaka choo, kwa miguu yake, ameshikwa na mtoto wake. Akijaribu mwenyewe anaanguka.

Sasa huyu wifi, kazi yake ilikuwa ni hiyo hiyo. Ofisi yao ilikuwa na watu wachache, ghorofani juu ya duka la miwani, na walikuwa wanatengeneza kitu cha kuweka chini ya godoro la mgonjwa. Mkanda mpana, mweusi, una waya unaoingia kwenye kisanduku kidogo chenye taa ya kijani. Mgonjwa akitaka kuinuka, kisanduku kinalia na simu ya anayemtunza inalia. Yeye alikuwa anaandika kipande kinachoitwa draiva. Mume wangu aliposikia alifurahi, akasema walau kwenye familia madereva ni wawili.

Alinieleza huku namsuka, kwa hiyo hakuna kati yetu aliyekuwa na pa kukimbilia. Alisema mkanda wenyewe haujui kitu. Unajua uzito tu, na uzito ukibadilika unabisha hodi kwenye kompyuta. Draiva ndiye anayekwenda mlangoni. Anafungua haraka, anachukua ujumbe, anauweka kwenye foleni, anarudi. Haruhusiwi kupiga soga na mgeni, kwa sababu akiwa pale mlangoni kazi nyingine zote zimesimama zinamsubiri yeye. Kuusoma ule ujumbe, kuamua kama mgonjwa ameinuka au amejigeuza tu, kupiga simu, hayo yanafanywa na mwingine baadaye, kwa utulivu wake.

"Kwa hiyo ni bawabu," nikasema.

"Bawabu mwenye adabu."

"Wa humu ndani hana adabu wala utulivu, maana ni wewe. Usitikise kichwa."

Godoro la majaribio lilikuwa la Mama. Angelipata wapi jingine? Ofisini walikuwa wanaweka mifuko ya mchanga, na mchanga hauna tabia. Siku ya kwanza mkanda ulipowekwa chini ya Mama, kompyuta ya wifi iliganda. Nikamkuta ameinamia meza, kidole kwenye kitufe, hakuna kinachosogea. Ule mguu ulikuwa unabisha hodi kila unapokanyaga, na draiva kwa adabu zake zote ameshinda mlangoni. "Haifanyi kitu kingine chochote," wifi akasema. "Inafungua mlango tu. Inafungua, inafunga, inafungua." Nikamtazama. Nywele hajachana, chai imepoa mbele yake, na sikio limeelekea chumba cha Mama. Nikachukua kikombe nikaenda kumpashia chai, maana ningesema niliyoyaona ningemuumiza.

Akampa draiva maagizo mapya. Ukisikia mguu unakanyaga, funga mlango, puuza, subiri utulie, ndipo ufungue tena. Ikawa raha. Kompyuta ikafanya kazi, simu ikaacha kupiga kelele za bure, bosi wake akapiga simu kumsifia. Wifi akavaa viatu. Akasema anakwenda kununua dawa ya meno na atazunguka kidogo, na alisema "nitazunguka kidogo" kama mtoto aliyeruhusiwa kwenda kucheza.

Mama akaanguka. Simu haikulia.

Nilifika mimi kutoka saluni nikamkuta sakafuni kati ya kitanda na cherehani, paji la uso limevimba, ana hasira ya kukatia kuni. Kisanduku kinawaka taa yake ya kijani, hakina habari. Wifi aliporudi na dawa yake ya meno hakulia. Alimwinua Mama, akamkanda uso, akamlaza, kisha akaingia kwenye kompyuta na hakutoka mpaka alipojua kilichotokea. Ni hivi. Mama kabla ya kuinuka huwa anaukanyagisha ule mguu haraka haraka, kuuamsha. Sisi sote tulijua, tumemwona akifanya hivyo kila siku. Draiva akasikia kukanyaga, akafunga mlango kama alivyoagizwa. Mama akainuka, na hodi ya kuinuka ikagonga mlango uliofungwa. Draiva alipokuja kufungua, kitanda kilikuwa kitupu na kimetulia. Kitanda kitupu hakibishi hodi. Uzito ulishabadilika zamani, na draiva amesimama mlangoni anasubiri ubadilike.

"Nilikosea kitu kidogo," wifi akaniambia, sauti imekauka. "Ukishafungua mlango hutakiwi kusubiri kubishiwa. Unachungulia kwanza uone nani yupo."

Akarekebisha. Akaniambia ni mstari mmoja tu wa maandishi, aliuandika hata kabla uvimbe wa Mama haujashuka. Akaujaribu, nikakaa mimi kitandani nikakanyaga na kuinuka, nikakanyaga na kuinuka, mpaka magoti yakaniuma, na simu ikalia kila mara. Kisanduku kilikuwa kimepona kabisa. Aliyekuwa hajapona ni yeye.

Kuanzia hapo wifi hakuvuka geti. Ofisini aliomba afanyie kazi nyumbani, wakamkubalia, ingawa sijui walikuwa na uchaguzi gani, hakuna mwingine aliyekuwa anakielewa kile kipande chake. Aliigeuza meza iutazame mlango, mgongo ukaelekea dirisha. Dirisha lenyewe lilikuwa linatazama ukuta wa jirani, mtu anaweza kuugusa akinyoosha mkono. Akichoka alisimama pale akiutazama. Siku moja akaniita nione. "Ule ufa," akasema, "zamani ulikuwa unaishia kwenye bomba. Sasa umelipita bomba." Nikamuuliza ndiyo habari aliyoniitia? Akasema ndiyo. Nilitoka mle ndani nina hasira juu yake, na hasira na Mama, na hasira na mume wangu aliyekuwa anatuma salamu kutoka barabarani kama waziri. Nyumba nzima ilikuwa imekaa mguu sawa ikisubiri mguu mmoja.

Wachumba? Alikuwepo mmoja, fundi wa rediolojia, mpole, alikuja akakaa sebuleni. Kila wifi alipofika katikati ya sentensi aliinuka kwenda kuchungulia. Yule kaka akawa anamalizia sentensi zake na mimi. Hakurudi.

Kisha wifi akapigiwa simu na watu wa mji mwingine. Kampuni kubwa, inatengeneza mashine za hospitali, walikuwa wamekiona kile kisanduku mahali na wakauliza nani aliyekiandikia draiva. Walimtaka. Walitaka kwanza wamwone ana kwa ana, wanakuja mjini kwetu mchana mmoja tu, wamekodi chumba hotelini, wanaona watu kadhaa halafu wanaondoka. Wifi akawajibu atafikiria. Nikamvaa hapo hapo jikoni, mwiko mkononi.

"Utafikiria nini? Ufa?"

"Na Mama?"

"Mama ana kitanda ulichomtengenezea wewe mwenyewe. Kama hukiamini, kwa nini mnataka kuwauzia watu?"

Hilo lilimwingia. Tukapanga. Angekwenda, simu ingekaa mezani mbele yake. Nikamwambia ikilia anipigie mimi, niko mtaa wa pili, nifike upesi. Akaniuliza, "Na Mama atakubali umshike?" Nikarudi kwenye sufuria, na yeye hakuuliza mara ya pili. Basi akasimama koridoni akawapigia wale watu, mlango wa Mama uko wazi, akawaambia atakuja, ila ana mgonjwa nyumbani. "Simu yangu ikilia, mtaniwia radhi, itabidi niondoke hapo hapo." Nikiwa napita na ndoo nikaona mguu wa Mama umesimama. Ulikuwa unakanyaga, ukasimama. Niliona kwa macho yangu na sikutilia maanani.

Siku ilipofika wifi alivaa gauni la kijani ambalo Mama alimshonea zamani, likawa linampwaya. Nilikuwa nimemsuka vizuri, sijisifu. Alimpeleka Mama choo, akamlaza, akamwekea glasi ya maji karibu na mkono mzima, akasimama mlangoni, akarudi, akasimama tena. Mama akamwambia, "Nenda bwana, unanizibia mwanga."

Saluni kulikuwa na mteja chini ya mashine ya kukaushia na mwingine kichwa nusu. Katikati ya mchana umeme ukakatika. Mteja wa chini ya mashine akaanza kulalamika, na mimi nikamjibu vibaya, kwa sababu sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nawaza kile kisanduku. Wifi alishaniambia kina betri yake ndani, lakini moyo wangu haukutaka kuambiwa. Labda kimezimika. Labda Mama yuko sakafuni tena na kitu kimekaa kimya vile vile. Nikamkabidhi mteja kitana ajishikie nywele zake, nikatoka mbio na kandambili za saluni.

Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Mama alikuwa kitandani.

Alikuwa amelala chali, amekaza taya, jasho limemtoka mpaka mto umelowa. Mkono wa kushoto umeshika chuma cha kitanda. Mguu wa kushoto ameupitisha chini ya ule uliokufa, huo ukaulalia, ameubana usicheze. Glasi ya maji imejaa vile vile, hakugusa hata tone. Na harufu ikaniambia mengine kabla sijasogea.

"Usinisogeze," akasema. "Kitamwita."

"Mama, umelowa."

"Najua nimelowa. Nimepoteza mguu, sijapoteza akili."

"Tangu saa ngapi umekaa hivi?"

"Tangu alipofunga geti."

Nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Huyu mama alikuwa amezuia mwili wake kwa nguvu ya taya, asiinuke, asijigeuze, asishone, ili kitanda kisije kikafungua mdomo. Nikasikia aibu kwa ajili yake na kwa ajili yetu wote, kwamba ndani ya nyumba yenye watu mama mtu mzima anajificha ndani ya mkojo wake. Nilitaka kupiga kelele. Nikasema tu, "Nikubadilishe."

"Atanibadilisha yeye akirudi."

"Akikukuta hivi, Mama, hatoki tena kwenye nyumba hii. Unamjua."

Akafumba macho. Nilimwona akipima, huku na huku, muda mrefu, wifi upande mmoja na mimi upande mwingine. Halafu ule mkono ukaachia chuma, ukaja ukaondoa shuka mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka magotini. Hakunitazama. "Fanya," akasema.

Nilijua kitanda hakilii mtu akijigeuza, kinalia nyonga ikiachana na mkanda tu. Kwa hiyo sikumwinua. Nilimviringisha pole pole upande wa ukutani, nikakunja shuka lililolowa nyuma ya mgongo wake, nikamfuta kwa maji ya uvuguvugu, nikatandika safi nusu, nikamviringisha aje upande wangu, nikamalizia nusu nyingine. Jicho langu moja lilikuwa kwenye kisanduku muda wote. Mgongo wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Alikuwa na makovu ya pini kwenye mapaja, vidoa vidogo vidogo, alikuwa anachomeka pini kwenye nguo akishona na kuzisahau. Miaka yote ile nimeishi naye sikujua.

"Unavuta," akasema.

"Wateja wangu hawalalamiki."

"Wanakuogopa."

Nilipomaliza kumvika akasema nisimwambie wifi. Sikuapa. Nilichukua beseni nikatoka nalo.

Wifi alirudi jua bado lipo. Sijawahi kumwona vile, alikuwa anaongea tangu getini. Wamemkubali. Wanamtaka aanze mwezi ujao, kuna kikundi kizima cha watu wanaofanya kazi kama yake, wanabishana kuhusu mambo ambayo yeye alidhani anayawaza peke yake. Akainama akambusu Mama kwenye paji la uso. "Na simu haikulia, Mama. Niliitazama mchana kutwa. Kimya kabisa."

Halafu akanyooka. Niliona lile neno limemrudia mwenyewe.

"Kimya kabisa," akasema tena, taratibu. Akasogea kwenye kisanduku, akakigusa. Kilikuwa kizima. Akatazama godoro. Mimi shuka nalichomeka pembeni kwa kulikunja mara mbili, kama taulo za saluni, na yeye halichomeki hivyo. Akaiona ile kona. Akafunua miguu ya Mama. Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto kulikuwa na alama nyekundu, mfupa wa mguu mwingine umejichora pale.

"Mtu hai hakai kimya mchana kutwa, asitake hata choo," wifi akasema. "Hata usingizini anashona. Mama, uliubana mguu?"

Mama akageukia ukutani.

Wifi akaketi sakafuni na gauni lake la kijani. "Basi siendi," akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema kama mtu aliyetoka nje kidogo akagundua ameacha jiko linawaka. "Hiki kitu hakina faida. Nimemfundisha draiva asikie mtu akikanyaga, asikie akijigeuza, asikie akiinuka. Mtu akiamua kunyamaza kwa ajili yangu, nimfundishe nini?"

"Nilikuzaa nikufungie humu?" Mama akasema kuuambia ukuta. "Nimekaa mchana mzima kwenye mkojo ili uende. Usinipotezee kazi yangu."

"Na kesho utakaa tena? Na keshokutwa?"

"Nitakaa."

Wakaanza. Mmoja anasema siendi, mwingine anasema utakwenda, wote wawili kwa sauti ya chini, na mimi nimesimama mlangoni, nimelirudia lile beseni la shuka lililolowa nikalifue, na hakuna aliyenipokea. Ndipo nilipoishiwa. Nikalitua beseni chini, maji yakaruka.

"Weka namba yangu," nikasema.

Wifi akaniinulia kichwa.

"Kwenye hicho kisanduku chako. Toa yako, weka yangu. Kinipigie mimi."

"Wifi, una kazi yako."

"Na wewe huna? Mama, nakuuliza wewe, si yeye. Kitanda kikiniita mimi nikaja, utanipokea au utabana mguu?"

Hakugeuka. Nilidhani ataniita Msusi anitume kwenye vichwa vya watu. Kisha nikaona chini ya shuka ule mguu umeanza, kisigino chini, vidole chini.

"Apunguze kuvuta," akasema.

Sasa mimi ndiye ninayeoga na simu. Nacheka peke yangu nikiufunga ule mfuko kwenye koki, na kuna siku sicheki. Mteja ana kichwa nusu, simu inalia, naacha kila kitu, napita kwenye vumbi la wachomeleaji, nafika nahema, na Mama ananiambia, "Umechelewa." Kwenda kumwona mama yangu mwenyewe imekuwa ndoto. Saluni nimepoteza wateja waliochoka kuachwa na kitana mkononi. Kuna asubuhi nalitazama geti na kulichukia, na Mama namchukia, na wifi pamoja na watu wake wanaobishana namchukia. Baadaye inapita. Nimejifunza kutosubiri kubishiwa. Nikiwa na nafasi nakwenda kuchungulia, hata simu ikiwa imelala, nakuta mguu unashona, nauliza unashona nini, ananiambia mdomo wangu.

Wiki iliyopita wifi alipiga mchana. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda, nimetoka kumrudisha Mama kutoka choo mara ya pili, mteja ameniachia ujumbe wa kunitukana. Wifi sauti yake imenenepa huko aliko. Akasimulia ya kazini, akauliza hali ya Mama, kisha akauliza lile analouliza kila mara.

"Na kitanda? Kinakusumbua?"

"Hata," nikasema. "Kimya kabisa."

Nilichosema kikanirudia kinywani, na nikakumbuka namwambia nani.

"Kimya kabisa?" akauliza taratibu.

Mama alikuwa ananitazama. Akashika chuma cha kitanda, akajikaza, akainua nyonga yake kwenye godoro makusudi, akaishikilia juu. Kisanduku kikalia, na simu ikalia ndani ya sikio langu, wifi akasikia yote mawili.

Akacheka, halafu kicheko kikamkatika. "Wifi," akasema, "nirudi?"

Mama bado amejiinua, na mguu umesimama. Alikuwa anasubiri jibu langu kama yule mwingine alivyokuwa analisubiri. Nikaibana simu kwa bega, nikampitishia Mama mikono kwapani.

"Kaa huko huko," nikamwambia. "Nitakupigia, nimemshika Mama."